Nilipiga eponji ku ukuta wa saloni, rangi zikageuka matope: nifanye nini?

SWALI: Jambo fundi. Mimi ni mama, nakaa hapa Bukavu, Muhungu. Nilitaka kupamba saloni yetu (sebule) na ile pentire ya eponji, nikapaka kwanza rangi ya krimu, kesho yake nikapiga kijani na eponji ya kuoshea vyombo, na mara moja juu yake nikapiga rangi ya matofali, ile nyekundu nyekundu. Sasa ukuta mzima umekuwa kahawia sawa matope ya Kadutu wakati wa mvua, na ukiangalia vizuri unaona umbo la eponji linajirudia kama kashe (muhuri) ya ofisi. Tena pale chini nyuma ya fotei (kiti cha kukalia) kuna unga mweupe unatoka na rangi inabanduka. Nikwangue yote nianze upya? Pesa ya kuita pentre, fundi wa rangi, haipo kwa sasa.

JIBU: Jambo mama, asante kwa kuuliza na kueleza vizuri hivi, na usikwangue kwanza, huo ukuta unaokoleka isipokuwa ile sehemu ya nyuma ya fotei ambayo ni mambo mengine kabisa na nitaifikia. Nimefanya kazi hii ya pentire miaka mingi mu nyumba za hapa Bukavu na ninachokiona kila mara ni kwamba mtu akiharibu eponji analaumu rangi, wakati shida iko ku maji. Maji mu eponji, maji mu rangi iliyotangulia ambayo haijakauka, na maji mu ukuta wenyewe. Kwako wewe zote tatu zilikutana.

Tuanze na matope. Kijani na nyekundu ni rangi zinazopingana, zikikutana zikiwa mbichi zinauana na kuzaa kahawia, hata pentre mwenye uzoefu hawezi kuzuia hilo. Ulipiga ya pili "mara moja", njo hapo ilipoharibikia. Latekse, yaani rangi ya maji, ukiigusa baada ya saa moja ama mbili unaona imekauka, lakini kukauka kwa kidole si kukauka kwa kupigwa juu. Wakati wa kiangazi, mwezi wa sita mpaka wa nane, nangojea masaa manne. Kuanzia mwezi wa tisa mvua zikirudi na asubuhi ukungu unapanda kutoka ziwani naacha mpaka kesho yake, hata mteja akinisukuma, na madirisha yanabaki wazi.

Halafu uchaguzi wenyewe wa rangi. Eponji inapendeza rangi zikiwa ndugu: krimu, halafu krimu yenye kahawa kidogo, halafu nyeupe ya maziwa. Njia rahisi na ya bei ndogo ni kununua ndoo moja ya nyeupe na chupa ndogo ya koloran (rangi kali ya kuchanganyia), unachanganya mwenyewe vikopo vitatu vya ukoo mmoja. Ila changanya ya kutosha ukuta mzima mara moja, juu ukiishiwa katikati hutaweza kuipata tena ile ile, nakuapia, macho yataona mahali uliposimama. Litre moja ya latekse inafunika karibu metre karé (mita za mraba) 10 kwa mkono mmoja, yaani kupaka mara moja, ku ukuta laini, na eponji inakula kidogo kuliko rulo kwa sababu unaacha nafasi.

Sasa ile kashe. Eponji ya vyombo iko na pembe nne zilizonyooka na matundu madogo yote sawa, itakuachia alama ya mstatili tu hata ufanye nini. Nzuri kabisa ni ile ya asili inayotoka baharini, yenye matundu makubwa na madogo, lakini usipoipata ama ikiwa ghali chukua eponji nene ya godoro, usiikate na kisu, inyofoe na vidole: toa pembe zote, chimba chimba uso wake mpaka uwe na mashimo yasiyolingana. Tengeneza mbili na kipande kimoja kidogo sawa yai kwa ajili ya kona na pembeni mwa milango. Halafu ku kila pigo geuza kiganja kidogo, mara kulia mara kushoto, na badilisha upande wa eponji kila baada ya mapigo machache. Mkono unachoka na ukichoka unarudia mwendo mmoja bila wewe kujua, kwa hiyo pumzika.

Na namna ya kupiga, mama, hapa njo kazi yote iko. Lowesha eponji na maji safi, ikamue mpaka isidondoshe hata tone, hii inailainisha tu. Mimina rangi kidogo ku sahani pana, gusisha uso wa eponji, usiizamishe, halafu piga ku gazeti ama karatasi ya katoni mara tatu nne mpaka alama itoke na matundu yakionekana wazi. Hapo tu ndo unaenda ku ukuta, na unagusa, husukumi, huburuti, unagusa na kutoa. Ukiona rangi inajaa mu matundu inakuwa doa, eponji imeshiba, isuuze na uikamue. Acha nafasi kati ya pigo na pigo, rangi ya chini inatakiwa ionekane. Usijaze kipande kimoja kisha uhamie kingine kwa mstari ulionyooka, maliza kila kipande na ukingo wa kuvunjika vunjika ili kingine kiingie ndani yake. Na kila baada ya muda rudi nyuma mpaka mlangoni uangalie, juu ukiwa karibu na ukuta huoni kitu. Anzia nyuma ya mlango ama pale kabati litasimama, mkono ujifunze mahali wageni hawatazami. Rangi ya mwisho iwe ile nyepesi zaidi, yenyewe inapandisha mwangaza.

Kuna na njia nyingine, ya kutoa badala ya kuweka: unapaka rangi nyembamba ukuta mzima halafu unaigonga na eponji safi ikiwa bado mbichi ili ile ya chini itokeze. Inatoa kitu laini sana, lakini inataka watu wawili, mmoja anapaka mwingine anafuata nyuma haraka, na inataka glasi, ile kimiminika kisicho na rangi kinachochelewesha kukauka, sehemu nne kwa sehemu moja ya rangi. Kwa mtu wa mara ya kwanza peke yake, siishauri.

Kuokoa ukuta wako: acha ukauke siku mbili, pitisha papie vere (msasa) laini pale ambapo rangi imevimba, futa vumbi, halafu chukua ile krimu yako ya kwanza na upige na eponji mpya juu ya matope, ukiacha kahawia ichungulie hapa na pale. Krimu njo raba yako ya kufutia. Mara nyingi unashangaa inatoka nzuri kuliko ulivyopanga. Kama bado haikupendezi pitisha rulo ya krimu uanze upya, na safari hiyo chagua satine (inayong'aa kidogo) kwa rangi ya chini, si mate (isiyong'aa), kwa sababu mate inanyonya maji ya eponji mara moja na alama inaganda kabla hujaisahihisha.

Kitu kimoja naomba uangalie kwanza. Nyumba nyingi za hapa ziko na subasmani ya rangi ya mafuta, ule mkanda wa chini unaong'aa. Latekse haishiki juu yake, itabanduka sawa ganda la ndizi. Kujua, sugua na pamba yenye alkoli ya famasi: pamba ikitoka na rangi, hiyo ni latekse, ikitoka safi, ni mafuta, na lazima uipige papie vere mpaka mng'ao uishe.

Sasa nyuma ya fotei. Ule unga ni chumvi. Maji yanapita mu matofali na mu sima, yanayeyusha chumvi iliyomo, yakifika usoni yanakauka na kuiacha pale, na ikitoka inasukuma rangi. Nyumba zetu zimechimbwa ku mlima, ukuta mmoja mara nyingi unaegemea udongo, na mvua yote ya juu inashuka mgongoni mwake. Niliwahi kupiga eponji mu nyumba moja ya Nguba, ukuta wa namna hiyo hiyo, mwenyewe alikuwa na haraka ya sherehe na mimi nikakubali, miezi miwili haikuisha yote ikaanguka. Iliniuma sana, tangu hapo siweki rangi bila kupima.

Kupima ni rahisi: bandika kipande cha plastiki ku ukuta, skochi pande zote nne, ngojea saa 24. Matone yakiwa upande wa plastiki unaotazama ukuta, yanatoka ukutani. Yakiwa upande unaotazama chumba, ni hewa ya chumba, fungua madirisha. Kama ni ukuta, toka nje uangalie kwa mgongo wake: mfereji umeziba? udongo umepanda juu ya msingi? maji ya bati yanaangukia pale? Mwambie papa wa nyumba ama mwenye nyumba mtengeneze hapo kwanza. Ndani kwangua rangi iliyokufa, toa ule unga na brosi kavu, usioshe na maji kwa sababu unairudisha chumvi ndani, na sogeza fotei mbali na ukuta hata kiganja kimoja ili upumue. Ukipaka tena sima, ngojea mwezi mzima kabla ya rangi yoyote. Hiyo sehemu naiacha mpaka kiangazi, sehemu nyingine za saloni unaweza kuzianza hata juma hili, na mabaki ya kila rangi weka mu chupa yenye kifuniko ukiandika ni ya ngapi, siku utakapofika nyuma ya fotei utazihitaji.