Kamati ya usawa ipo, mbona viongozi ni walewale?

SWALI: Tawi letu la chama cha walimu lina kamati ya usawa kwa mwaka wa nne sasa. Tumeendesha semina na kugawa fulana, lakini uchaguzi ukifika wanaopita ni walewale. Tunakosea wapi? *Katibu wa tawi*

JIBU: Ndugu Katibu, huenda mnatibu pasipouma. Kabla ya semina nyingine, hesabuni ngazi kwa ngazi: wanachama ni wangapi, wanaohudhuria mikutano wangapi, waliochukua fomu wangapi, walioshinda wangapi. Kila ngazi mtenganishe wanawake na wanaume, vijana, walimu wa mikataba ya muda na wenye ulemavu.

Tuseme wanachama ni 240, wanawake 150. Mkutanoni wanakuja watu 100, wanawake 40. Fomu zimechukuliwa na watu 14, wanawake 3. Viti ni 9, wanawake wamepata 2. Tazameni vizuri hapo: kati ya wanawake watatu waliogombea, wawili wameshinda. Wapiga kura hawajawakataa! Namba zinaanguka mkutanoni, kisha zinaanguka tena kwenye fomu, na semina ya kuwahamasisha wapiga kura haigusi popote kati ya hapo.

Basi ulizeni kwa nini hawaji. Mara nyingi mkutano unaanza jioni na kumalizika usiku, nauli inarudishwa baada ya wiki kadhaa, na hakuna pa kumwacha mtoto. Sogezeni saa, lipeni nauli siku hiyohiyo, wekeni chumba na mlezi wa watoto. Haya yote yapewe fungu lake katika bajeti, maana kisicho na fungu hukatwa kwanza. Kwenye fomu, kagueni ada, idadi ya wadhamini na lile sharti la “uzoefu wa uongozi”. Sharti hilo humzuia kila ambaye hajawahi kuongoza, halafu tunashangaa sura mpya hazionekani.

Viti maalumu vinasaidia iwapo vina kura. Mjumbe asiye na kura kwenye kamati tendaji huishia kusoma ripoti yake chini ya “mengineyo”, wenzake wakichungulia saa.

Kuhusu ulemavu, msiulize “Je, una ulemavu?” Wengi watajibu hapana kwa kuhofia kazi yao. Tumieni maswali 6 mafupi ya Kikundi cha Washington kinachoshughulikia takwimu za ulemavu. Yanauliza kama mtu anapata shida kuona hata akivaa miwani, kusikia hata akitumia kifaa, kutembea au kupanda ngazi, kukumbuka au kuwa makini, kujihudumia, na kuwasiliana. Majibu ni manne, kuanzia “hakuna shida” hadi “siwezi kabisa”. Fomu zisiwe na majina, na kundi lenye watu chini ya 5 msilitangaze kwa namba. Kwenye tawi dogo watu watajua ni nani.

SWALI: Macho yangu yanafifia. Mkuu wa shule ananishauri niombe mwenyewe kuhamishiwa kazi za ofisini. Nifanyeje? *Mwalimu wa hisabati*

JIBU: Pole sana, Mwalimu. Usisaini chochote kabla ya kumwona mwakilishi wa chama, kwa kuwa uhamisho ulioomba mwenyewe ni mgumu kuupinga baadaye. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006 unahesabu kumnyima mtu marekebisho stahiki, yaani mabadiliko ya kumwezesha kufanya kazi yake, kuwa ni ubaguzi, na nchi yako ikiwa imeuridhia, mwakilishi autaje.

Barua yako isiishie kwenye “sioni vizuri”. Taja kazi inayokushinda na kitu kitakachokuwezesha: “Sisomi madaftari yaliyoandikwa kwa penseli; naomba wanafunzi watumie kalamu nyeusi, mitihani ichapwe kwa herufi za ukubwa wa 18, na nipatiwe kompyuta yenye programu inayosoma kwa sauti maandishi ya kwenye skrini.” Weka tarehe unayotarajia jibu, nakala ipeleke chamani.

Na chama nacho kijirekebishe. Barua iliyopigwa picha kwa simu na kurushwa kwa wanachama mara nyingi ni picha tupu kwa programu hiyo, huisoma kwa makosa au isiisome kabisa. Tumeni faili lenyewe la maandishi.

SWALI: Mwalimu analalamika kudhalilishwa kijinsia na mwalimu mwenzake. Wote ni wanachama. Tumtetee nani? *Mwakilishi wa shule*

JIBU: Kila mmoja ana haki ya kusaidiwa, ila si na mtu mmoja. Teueni wawakilishi wawili wasioonyeshana mafaili, na kiongozi mwenye urafiki na upande wowote ajitoe kwa maandishi. Msiwaweke mezani “wayamalize kimyakimya”: Mkataba Namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2019, unaohusu ukatili na udhalilishaji kazini, unataka mlalamikaji alindwe dhidi ya kulipiziwa kisasi, na suluhu ya kulazimishwa humweka mikononi mwa yuleyule anayemlalamikia. Ikibidi mmoja ahame wakati uchunguzi unaendelea, asiwe mlalamikaji, isipokuwa ameomba mwenyewe.