Maswali na majibu: Kundi la marafiki kwenda Ugiriki, magofu na visiwa

Barua nyingi za mara hii zinahusu jambo moja: marafiki wanaotaka kwenda Ugiriki pamoja, waone mambo ya kale kisha wapumzike visiwani. Zilizouliza "gharama ni kiasi gani" bila kutaja mwezi, idadi ya watu wala idadi ya siku nimeziweka kando. Hazijibiki.

Swali: Tuko wanane, tuna siku 9. Tunataka Athens, magofu ya Delphi, na visiwa vya Mykonos, Paros, Santorini na Krete. Tupangeje?

Jibu: Futeni visiwa viwili kwanza. Orodha hii huja kila mara ikiwa vilevile, na kila mara kinachosahaulika ni siku ya kuhama. Kuhama kisiwa hakuishii kwenye zile saa mbili zilizoandikwa kwenye tiketi ya meli. Hoteli inataka chumba chake kabla ya adhuhuri. Meli inaondoka alasiri, nanyi mnatakiwa bandarini mapema. Mwezi wa Agosti meli kuchelewa ni kawaida. Mkishuka, teksi inabeba abiria wanne tu na visiwani teksi ni chache, kwa hiyo nusu ya kundi inabaki juani ikilinda masanduku. Mpaka mfungue mabegi, jua limeshazama. Visiwa vinne ni siku nne za namna hiyo.

Siku 9 zina usiku 8. Mgawanyo unaokaa vizuri ni huu: usiku 1 Athens au Piraeus, bandari ya Athens, mnapofika, usiku 3 Naxos, kisiwa ambacho hamkukitaja, usiku 2 Santorini, na usiku 2 za mwisho Athens. Kutoka Piraeus hadi Naxos kwa meli kubwa ni mwendo wa kama saa tano na nusu. Naxos hadi Santorini ni kama saa mbili. Santorini hadi Athens kuna ndege, na haifiki hata saa moja angani.

Wengi huiruka Naxos wakidhani mambo ya kale yako bara peke yake. Meli ikiingia bandarini tu mnauona Portara, mlango wa marumaru wa hekalu la Apollo lililoanzwa karne ya 6 KK na halikumalizika. Kaskazini mwa kisiwa, kijijini Apollonas, kuna sanamu ya zaidi ya mita 10 iliyolala machimboni palepale wachongaji walipoiacha. Na Santorini kuna Akrotiri, mji uliofukiwa na majivu ya volkano zaidi ya miaka 3,500 iliyopita. Leo uko chini ya paa, mnapita juu ya mitaa yake mkitazama nyumba za ghorofa mbili na tatu. Delphi ni kama kilomita 180 kutoka Athens, basi kwenda na kurudi linakula saa tano au zaidi. Kama ndiyo ndoto ya kundi, ondoeni Santorini. Msiibane katikati ya safari ili tu muweze kusema mlifika.

Swali: Meli yetu kutoka Mykonos inafika Piraeus saa 9 alasiri tarehe 6 Agosti, na ndege yetu ya kurudi nyumbani ni saa 3 usiku. Muda unatosha?

Jibu: Kwenye karatasi unatosha. Treni ya mstari wa 3 inatoka Piraeus hadi uwanja wa ndege kwa kama saa moja. Tatizo ni upepo.

Julai na Agosti bahari ya Aegean ina upepo wa kaskazini uitwao meltemi. Unatokea kwa sababu kuna mgandamizo mkubwa wa hewa upande wa Balkani na mdogo upande wa Uturuki, hewa ikakimbia katikati. Unaweza kuvuma siku kadhaa mfululizo huku mbingu ni safi kabisa, na hapo ndipo wageni wanapodanganyika: hakuna wingu, hakuna mvua, na meli haziondoki. Upepo ukifika kiwango fulani, mamlaka ya bandari huzuia meli kutoka. Boti ziendazo kasi huzuiwa mapema kuliko meli kubwa za kawaida, kwa kuwa ni nyepesi na mawimbi huziathiri zaidi. Zuio likiondolewa, kila aliyekwama anataka nafasi ya kwanza.

Kampuni ya meli itawarudishia nauli au kuwapa safari nyingine. Tiketi ya ndege mliyoikosa hakuna atakayeilipa. Laleni usiku wa mwisho Athens, hata kama mnapenda kisiwa kiasi gani, na kwa Agosti chagueni meli kubwa badala ya boti ya kasi. Ndiyo sababu katika mgawanyo wa hapo juu Athens, pamoja na Akropoli, kilima chake cha mahekalu ya kale, imewekwa mwisho. Magofu hayakimbii, meli ndizo zinazokwama.

Kuna na migomo. Mabaharia wa Ugiriki hugoma, mara nyingi kwa saa 24 na kwa taarifa ya siku chache. Tarehe 1 Mei msipange kusafiri baharini kabisa.

Swali: Tiketi za Akropoli tutanunua palepale mlangoni, sivyo?

Jibu: Sivyo. Tangu 2023 kuna kikomo cha wageni 20,000 kwa siku, na kila tiketi ina saa yake. Tangu Aprili 2025 bei ni euro 30, na ile tiketi ya pamoja iliyofungua Akropoli na magofu mengine ya mjini ilifutwa. Anayewashauri muinunue anasoma kitabu cha zamani. Nunueni kwenye tovuti rasmi ya tiketi za serikali ya Ugiriki. Wauzaji wengine huongeza pesa juu kwa tiketi ileile.

Saa iliyoandikwa ina nafasi ya dakika 15 kabla na 15 baada. Watu wanane hawatoki hotelini kwa pamoja, kila mmoja analijua hilo kuhusu rafiki zake. Tumeni kila mtu tiketi yake kwenye simu, na atakayechelewa asiwazuie wenzake. Chukueni saa 2 asubuhi, milango ikifunguliwa, au saa mbili za mwisho kabla ya kufungwa. Mkiingia kwa lango la kusini, mnapanda mkipitia ukumbi wa michezo wa Dionysos, na foleni huko huwa fupi kuliko lango kuu la magharibi.

Viatu viwe na soli ya mpira. Marumaru ya pale juu imesuguliwa na miguu ya watu karne kwa karne, inateleza hata ikiwa kavu, na visigino virefu vimepigwa marufuku. Mabegi makubwa hayaruhusiwi kuingia. Kilimani hakuna kivuli. Siku za joto kali serikali hufunga Akropoli kuanzia kama saa 6 mchana hadi saa 11 jioni, kama ilivyofanya Julai 2023 na Juni 2024. Aliyepanga kupanda saa 8 mchana mwezi wa Julai amejitafutia balaa mwenyewe. Saa hizo nendeni Makumbusho ya Akropoli chini ya kilima. Tiketi yake ni tofauti, ndani kuna ubaridi, na mnaziona sanamu halisi karibu.

Swali: Mmoja wetu amesomea historia. Anaweza kutuongoza ili tusilipe kiongozi?

Jibu: Kuongoza kundi kwenye magofu ya Ugiriki ni kazi ya wenye leseni ya serikali, na walinzi wanaweza kumnyamazisha anayehutubia bila leseni. Mkigawana wanane, malipo ya kiongozi ni madogo. Mlipeni.

Swali: Twende mwezi gani?

Jibu: Katikati ya Mei hadi katikati ya Juni, au Septemba. Septemba bahari bado ina joto na watu wamepungua. Epukeni siku zinazozunguka 15 Agosti, sikukuu ya Bikira Maria. Wagiriki wenyewe wanasafiri, meli zinajaa. Kuanzia Novemba hadi Machi hoteli nyingi za visiwani zimefungwa.

Swali: Tunaweza kulala kisiwa cha Delos?

Jibu: Hapana. Delos yote ni eneo la magofu, hakuna hoteli. Mnakwenda kwa boti kutoka Mykonos, kama nusu saa, na mnarudi siku hiyohiyo. Bebeni kofia na maji.

Swali: Maji ya bomba yananyweka?

Jibu: Athens ndiyo. Visiwa vingi vya kundi la Cyclades, Santorini ikiwemo, hapana.

Swali: Mmoja akinyimwa viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, wengine tunaathirika?

Jibu: Viza haiombwi na kundi. Kila mtu ana ombi lake, alama za vidole vyake na taarifa zake za benki. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, na hairudishwi. Bima ya matibabu iwe ya angalau euro 30,000. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 na ibaki hai angalau miezi 3 baada ya kutoka. Ombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na si chini ya siku 15. Makundi yanayoomba wiki tatu kabla ya safari ya Agosti yanacheza na pesa zao.

Makosa yanayowaponza marafiki ni haya. Kwanza, ratiba nane zisizolingana: mmoja ameandika usiku 3 Naxos, mwingine 4, na hoteli ina jina la mtu mmoja tu. Hakikisheni kila jina limo kwenye nafasi za hoteli. Pili, kuomba ubalozi usio sahihi. Mkilala usiku 5 Italia na 3 Ugiriki, ombi ni la Italia. Tatu, kulipa hoteli isiyorudisha pesa kabla viza hazijatoka. Chukueni zinazoruhusu kufuta bure, hata kama bei iko juu kidogo. Na kubalianeni mapema, kwa maandishi, nani atalipa sehemu ya chumba cha aliyenyimwa. Jambo hili limevunja urafiki mwingi.

Swali: Tunataka kukodi pikipiki za magurudumu manne Santorini. Ni salama?

Jibu: Hapana, na sipendi zinavyokodishwa. Zinapinduka kwenye kona za mteremko, breki zake ni hafifu kuliko za gari, na barabara za Santorini ni nyembamba zenye mabasi makubwa. Bima nyingi za safari hazilipi ajali yake isipokuwa imetajwa waziwazi. Someni bima zenu leo. Kodini magari mawili madogo au pandeni basi. Wenye leseni za nje ya Ulaya wengi wanahitaji pia kibali cha kimataifa cha udereva, na hicho hutolewa nyumbani kabla ya safari.

Swali: Na punda wanaopandisha wageni hadi Fira, mji mkuu wa Santorini?

Jibu: Waacheni. Kuna gari la kamba, na kuna ngazi karibu 600 kwa mwenye magoti mazuri.

Swali: Tufanyeje kuhusu pesa za pamoja?

Jibu: Chagueni mweka hazina mmoja, kila mtu aweke kiasi sawa mwanzoni, na kapu hilo lilipe vitu vinne tu: usafiri wa pamoja, vyumba, kodi ya malazi na kiongozi. Chakula na vinywaji kila mtu ajilipie. Asiyekunywa pombe asibebeshwe ya wengine.

Kodi ya malazi wengi hawaitarajii. Inatozwa kwa chumba kwa kila usiku na hulipwa hotelini. Kuanzia Aprili hadi Oktoba ni euro 5 kwa hoteli ya nyota tatu, 10 kwa nyota nne, 15 kwa nyota tano. Vyumba vinne vya nyota tatu kwa usiku 8 ni euro 160 ambazo hamkuziona kwenye bei ya mtandaoni.

Kwenye mgahawa, samaki wabichi huuzwa kwa kilo. Bei ya menyu si ya sahani. Ombeni mumwone samaki akipimwa kabla hajapikwa. Mkate unaoletwa bila kuagizwa kwa kawaida unalipiwa. Na msitoke bila risiti: kwa sheria ya Ugiriki mteja halazimiki kulipa asipopewa.

Swali: Naweza kuokota kijiwe cha ukumbusho kwenye magofu ya Mycenae?

Jibu: Hapana. Kipande cha chungu mfukoni ni kosa la jinai.

Swali: Sanduku la ukubwa gani?

Jibu: Ambalo unaweza kulipandisha ngazi mwenyewe. Kwenye meli kubwa mnaingilia nyuma, penye magari, na kando ya ukuta kuna rafu zenye majina ya visiwa. Weka sanduku kwenye rafu ya kisiwa chako, si jirani yake, halafu panda juu na pasipoti, dawa na pesa. Meli ikikaribia, tangazo hutolewa. Shukeni hadi kwenye masanduku hapohapo, kwa sababu mlango wa nyuma huanza kuteremshwa meli ikiwa bado inasogea, na kwenye visiwa vidogo husimama dakika chache tu. Mpeni mtu mmoja kazi ya kuhesabu vichwa kabla ya kushuka na mwingine kuhesabu masanduku mkiwa gatini. Piraeus kwenyewe malango yanaanzia E1 hadi E12 na umbali kati yake ni mkubwa, kwa hiyo someni namba ya lango usiku wa kuamkia safari na muwe pale saa moja kabla.