Dar hadi Mwanza: kilomita 850 au 1,100 na ushee?

Mkuu, umeuliza Dar hadi Mwanza ni umbali gani na ndege inatumia muda gani, maana mmoja kakwambia kilomita 850 na mwingine 1,100 na ushee. Hakuna aliyekudanganya. Hiyo 850 ni ya angani, mstari ulionyooka. Nyingine ni ya lami: Morogoro, Dodoma, Manyoni, ndipo barabara inapinda kupanda Singida, unateremka Sekenke, Igunga, Nzega, Shinyanga, halafu Mwanza.

Muda wa ndege unategemea umepangiwa ndege gani. Ya jeti kama Airbus A220 ni saa moja na robo hadi moja na nusu. Ya pangaboi, yaani ATR au Q400, weka karibu saa mbili. Na uangalie tiketi vizuri kama hampitii Kilimanjaro. Mimi niliwahi kupanda bila kuangalia, nikashtukia tunatua KIA, wengine wanashuka, sisi wa Mwanza tumekaa tu tunatazamana.

Ila muda wa hewani ndio mdogo kuliko yote. Naishi Tabata, nauza vipuri vya bodaboda, Mwanza naenda mara tatu nne kwa mwaka. Kwa ndege ya saa 12 asubuhi natoka nyumbani saa 9 na nusu usiku. Saa 10 na kitu niko kwenye foleni ya ukaguzi, mkanda wa suruali mkononi. Saa 1 na nusu tunatua pale kando ya ziwa, nasubiri begi, nagombana kidogo na dereva wa teksi juu ya bei, saa 2 na nusu niko mjini. Hiyo ni saa tano, na angani nimekaa moja na kidogo.

Bado basi haligusi hapo. Safari yangu ya mwisho kwa basi tulitoka stendi ya Mbezi, Dar, saa 12 asubuhi, nikashushwa stendi ya Nyegezi, Mwanza, saa 5 usiku, miguu imevimba. Mizani, tochi za trafiki, vibao vya 50 kila kijiji, spidi utaitoa wapi? Tangu mabasi ya usiku yaruhusiwe tena 2023 angalau unaweza kulala njiani, kama jirani yako hapigi simu.

Sasa kitu ambacho hukuuliza. Saa za kwenye tiketi ni za kizungu. Shemeji yangu alikatiwa ya 07:00, yeye akasoma saa 7 mchana. Kaja uwanjani saa 5 asubuhi, kanyoa, kapiga pasi, anajisifu kawahi. Dada wa kaunta akaitazama tiketi, akamtazama yeye, akamwambia, "Kaka, wenzako wameshafika." Akanunua nyingine, na ya kukata siku hiyo hiyo bei yake unaijua.

Wakati wa kurudi, kama utabeba samaki aina ya sato, mwambie muuzaji akugandishie usiku kucha na afunge boksi kwa selotepu pande zote. Boksi likionekana linadondosha maji kaunta, utalifungua na kulifunga upya pale pale sakafuni, watu wote wanakutazama.