"GOOGLE *" kwenye karatasi ya banki

Swali: Karatasi yangu ya banki inaonyesha dola 4.99 mara tatu, mbele yake "GOOGLE *" na jina nisilolijua. Nimeibiwa?
— Mama wa Katuba, Lubumbashi

Jibu: Pole, mama. Jina linalofuata nyota huwa ni la mchezo au la kampuni iliyoutengeneza. Chukua simu anayochezea mtoto, fungua Play Store, gusa picha ya akaunti, tafuta historia ya ununuzi. Mimi nilikuta vito vya mchezo alivyonunua mtoto wa dada yangu, na nilikuwa nimeshamshuku mtu asiye na kosa; bado inaniuma. Ukiyakuta malipo hayo humo, omba Google irudishe pesa kabla saa 48 hazijapita tangu ununuzi, kisha weka nenosiri kwa kila ununuzi. Usipoyakuta, nenda banki leo hii wafunge kadi, na wewe uwaarifu Google kabla siku 120 hazijapita tangu malipo.