Mnaniuliza kama bado ni sawa kutuma mtoto Washington State

Wazazi kadhaa wa Iten na Kapsabet mmeniuliza ati ni kweli hiki chuo kikuu cha Washington State, huku ninakoishi Pullman, Marekani, kilipeleka wenzake kortini juu ya michezo, na je kijana anayekimbia bado aje. Wacha niwaambie ukweli mtupu.

Ni kweli. Michezo ya vyuo huku ni biashara ya TV, hasa ile futiboli yao ya helmeti, na vyuo vinajiunga kwa ligi zinaitwa konferensi ndio wauze mechi pamoja. Yetu ilikuwa Pac-12, ya magharibi. 2022 USC na UCLA, vyuo viwili vya Los Angeles, wakatangaza wanahamia ligi nyingine, Big Ten, kufuata pesa, mwaka uliofuata mkataba mpya wa TV ukakosa kueleweka, Agosti 4 vyuo vitano vikatoka siku moja, na mwishowe tukabaki sisi na Oregon State tu. Huu ni mji mdogo katikati ya mashamba ya ngano, ungedhani uko Uasin Gishu, na hoteli zinategemea Jumamosi za gemu, kwa hivyo watu waliumia sana na bado wana uchungu.

Septemba 2023 tukaenda kortini hapo Colfax, mji jirani. Ubishi ulikuwa nani anabaki na usukani wa ligi na pesa zake. Sheria za ligi zilisema chuo kikitoa notisi ya kuondoka kabla ya Agosti 2024 kinapoteza kiti kwa bodi, na USC na UCLA walitolewa kwa bodi venye walitangaza kuhama, lakini zamu ya hao wengine ilipofika wakadai bado wana kura, yaani kumi wanaohama wawaamulie wawili wanaobaki! Jaji Gary Libey akakataa, Mahakama ya Upeo ya jimbo ikakataa kuingilia, na Desemba hiyo hiyo wakaelewana, wanaohama wakaacha sehemu ya mgao wao. Mimi naona ilikuwa haki kabisa.

Lakini korti ililinda pesa, majirani hawakurudi. Stanford na Cal, tuliokuwa nao Pac-12, wako California lakini saa hii wanacheza ligi ya pwani ya mashariki, wanafunzi wanavuka nchi nzima kwa ndege wiki ya masomo, na hiyo ligi nayo ilishtakiana na vyuo vyake viwili, Florida State na Clemson, hadi Machi 2025 walipopatana kuhusu faini ya kutoka. Huku kwetu 2025 chuo kikaondoa kuruka na kurusha, kikapunguza mbio fupi, kikabaki kukazia mbio ndefu. Vijana wenu hapo hawajaguswa, na mnajua historia, Henry Rono alivunja rekodi nne za dunia 1978 akiwa mwanafunzi hapa hapa. Lakini waliokuwa wakirusha mkuki nao walikuwa na kocha na ahadi zao.

Kwa hivyo aje, lakini msisaini juu ya jina la chuo pekee. Muulizeni kocha kwa email, ajibu kwa maandishi: skolaship ni ya mwaka mmoja au yote minne, na timu ikifutwa mtoto anamaliza masomo kwa pesa ya nani. Akizungukazunguka kwa hilo swali la pili, ongeeni na chuo kingine.