Fundi Miguu Anajibu: "Nataka Altezza Yangu Ilale"

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni kijana wa Tabata, nina Altezza RS200 ya mwaka 2001, gia za mkono, rimu inchi 17. Gari nzuri ila imenyanyuka kama jogoo, ngumi nzima inapita kati ya tairi na fenda. Nimeweka akiba ya milioni tatu ninunue koilova, zile shokapu zinazokuja na springi zake na ringi za kurekebisha kimo cha gari, niishushe. Rafiki yangu mwenye Impreza amefunga zenye springi za kilo 8 mbele na kilo 6 nyuma, anasema niagize hizohizo. Natumia gari kila siku kwenda kazini Posta, na mwisho wa mwezi naenda Morogoro kwa wazazi. Nishushe kiasi gani, na ninunue za aina gani?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Wapo watakaosema Altezza si gari la michezo, ni saluni ya milango minne. Waache waseme. RS200 ilitoka 1998 na injini ya 3S-GE yenye nguvu za farasi 210, inasukumwa na magurudumu ya nyuma, na kila gurudumu limeshikwa na wishiboni mbili, yaani mikono ya chuma inayoliunga na bodi, ya juu na ya chini. Yapo magari ya milango miwili yanayotamani miguu hiyo. Gari lako halina shida. Shida ni hiyo ngumi yako.

Kila anayekuja gerejini kwangu Sinza kushusha gari ananionyesha mkono: "Fundi, nataka vibaki vidole viwili." Nami nilikuwa hivyohivyo. Mwaka 2009 nilikata springi za Mark II yangu, GX100, mizunguko miwili kila springi kwa grainda, shokapu nikaacha zilezile. Ikalala, ikapendeza, nikaipiga picha. Jumapili nikampakia mama mkwe na shemeji zangu wawili twende Bagamoyo. Tulipopita Bunju kila tuta likawa linapiga "go!" chini ya viti. Mama mkwe hakusema neno njia nzima. Tuliposhuka ndipo akanigusa bega: "Baba, gari lako ni mfupa mtupu, nyama umeipeleka wapi?" Siku ya pili nikapiga jeki kubadili tairi, na springi ya mbele kushoto ikachomoka kwenye kikombe chake ikaning'inia. Ilikuwa fupi mno, mguu ukiteremka inabaki huru.

Mama mkwe hajui shokapu ni nini, lakini aliuliza swali lenyewe. Nyama ni ile nafasi ambayo shafti ya shokapu inaweza kuzama kabla haijafika kwenye raba ya kuzuia. Hiyo ndiyo unayotakiwa kuipima. Fanya hivi kabla hujatoa hata shilingi moja: sogeza mpira wa vumbi wa shokapu juu, funga kamba ya plastiki ya kufungia waya kwenye shafti, uisukume mpaka iguse mwili wa shokapu. Pakia watu unaowapakia siku zote, endesha njia yako ya kila siku na matuta yake yote, kisha rudi uangalie. Shokapu ikizama inaisukuma kamba juu, ikirudi inaiacha pale ilipofika. Umbali kati ya kamba na raba ndio akiba yako. Kijana mmoja alikuja akiwa na hakika kwamba gari lake lina nafasi ya kushuka milimita 50; kamba tuliikuta imebanwa kwenye raba, na springi zilikuwa za kiwandani, hazijaguswa! Shokapu zilikuwa zimekufa. Alichohitaji ni shokapu mpya.

Sasa hizo kilo 8 za rafiki yako. Kilo 8 maana yake ukiweka uzito wa kilo 8 juu ya springi inabonyea milimita moja. Namba ni ya springi peke yake, si ya gurudumu. Kwenye Impreza ya rafiki yako, shokapu ya mbele imesimama karibu kabisa na gurudumu, kwa hiyo gurudumu likipanda milimita 10 springi nayo inabonyea karibu 10. Kwako shokapu imekaa katikati ya wishiboni ya chini, kati ya bawaba na gurudumu. Jaribu kufungua mlango wa chumba kwa kuusukuma karibu na bawaba, utaelewa kwa mkono wako. Tuseme, kwa hesabu tu na si kwa kipimo cha gari lako, shokapu iko kwenye asilimia 70 ya urefu wa wishiboni. Gurudumu likipanda 10, springi inabonyea 7. Na nguvu ya springi nayo inafika kwenye gurudumu ikiwa asilimia 70. Zidisha 0.7 kwa 0.7 upate 0.49. Springi ya kilo 8 inakuwa kama kilo 4 penye gurudumu. Ndiyo maana springi ya gari moja haisemi kitu kuhusu gari jingine, na ndiyo maana mtengenezaji anayejua kazi yake anatoa namba tofauti kwa kila modeli. Agiza kwa namba ya modeli ya gari lako, SXE10, iliyoandikwa kwenye bati la utambulisho. Ukiletewa za GXE10, ile AS200 ya silinda sita, uliza kwanza kabla ya kupokea.

Hesabu hiyohiyo inafanya kazi ukishusha. Ukiteremsha ringi ya springi milimita 20, gari halishuki 20, linashuka kama 29. Vijana wengi wananipigia simu usiku wa Jumamosi wakisema gari "limeanguka". Halijaanguka. Walizungusha kwa macho.

Kuhusu aina. Kuna koilova ambazo unashusha gari kwa kuteremsha ringi inayobeba springi, basi. Ukishusha hivyo unakula nyama ileile ya shokapu. Kuna nyingine ambazo mguu wa chini nao una nyuzi kama za skrubu. Unafupisha shokapu nzima, na shafti inabaki na safari yake yote. Kwa barabara zetu nachukua hizi za pili bila kufikiri mara mbili, ila ujue kwamba sasa kitakachogota kwanza kinaweza kuwa tairi kwenye fenda, kwa hiyo usijiachie.

Halafu angalia mwili wake. Shokapu ya mrija mmoja, pistoni inapita kwenye ukuta uleule unaouona kwa nje. Jiwe likiubonyeza, pistoni inakwama. Ya mirija miwili ina ukuta wa ndani uliojificha, inavumilia kupigwa. Ya mrija mmoja inapoa haraka zaidi na inajibu vizuri ukikimbia, lakini wewe unakwenda Posta. Tein Flex Z ya Japani ni ya mirija miwili na mguu wa chini wenye nyuzi. BC Racing ya Taiwan, ile BR, nayo mguu wake una nyuzi, ila ni ya mrija mmoja, na kitufe chake cha kurekebisha ugumu kina mibofyo 30. Bilstein B14 ya Ujerumani unarekebisha urefu tu, ugumu wameshauamua wao kiwandani, na mimi siwalaumu: wengi wanaopewa kitufe wanakizungusha mpaka mwisho upande wa ugumu halafu wanaita huo ndio uwanamichezo. Kwa matumizi uliyoniandikia, ningetafuta ya mfano wa hiyo ya kwanza.

Kama utashawishika na za mtumba, zishike mkononi kabla ya kulipa. Mimi nilishauziwa seti "ya Japani kabisa" na duka ambalo silitaji. Mbili zilikuwa zinalia mafuta ndani ya mpira wa vumbi. Vua mpira. Pitisha ukucha kwenye shafti: ukikwaruza kijishimo, sili itakatika. Itikise shafti kushoto na kulia, isicheze. Ya mrija mmoja ibonyeze yote kisha iachie. Ikibaki chini bila kurudi, gesi imekwenda. Na zungusha ringi zote nane mbele ya muuzaji, na miguu ya chini. Isiyozunguka dukani haitazunguka kwako.

Milioni tatu yako usiimalize yote dukani. Gari lina miaka zaidi ya 20. Toa kwanza fungu la bushi za wishiboni, zile raba za kwenye maungio, boli jointi za chini za mbele na linki za stabilaiza. Koilova mpya juu ya boli jointi iliyochoka ni kuvaa suti na ndala. Na siku ya kufunga, simama pale gerejini utazame jambo moja: nati za bushi zisikazwe gari likiwa limening'inia kwenye jeki. Bushi ya raba ikikazwa mguu ukiwa chini, gari likitua inabaki imejisokota maisha yake yote, na baada ya miezi michache unasikia kelele, unalaumu koilova. Zikazwe gari likiwa limesimama kwa uzito wake, juu ya matairi. Fundi akikwambia ni yaleyale, chukua ufunguo wako.

Kiasi gani? Mimi nitakupa milimita 25. Ukinibembeleza sana, 30. Pima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa fenda, pembe zote nne, kabla na baada, uandike. Usipime kutoka ardhini, upepo wa tairi utakudanganya. Endesha wiki moja springi zikae, pima tena, ndipo uende alaimenti. Tairi kulala kidogo kwa ndani si neno sana. Linaloimaliza ni kutazama pembeni, na ukishusha gari lazima mwelekeo wa tairi ubadilike. Taa nazo zipimwe upya. Usukani ukiupiga mpaka mwisho, chungulia paipu ya breki na waya wa ABS visivutike.

Kitufe cha ugumu kiweke katikati, kushoto na kulia sawasawa. Chagua tuta moja, lilelile, mwendo uleule. Gari likishuka tuta linatakiwa linyanyuke mara moja, lirudi, litulie. Likiendelea kuyumba kama boti, ongeza mibofyo miwili. Likigonga na kurudi kavu, punguza. Hapo ngumi yako haitapita tena, kitapita kiganja kilicholala. Msalimie mzee Morogoro.

SWALI: Niko Nyali, Mombasa, nina Impreza WRX. Makanika wangu anasema koilova ni pesa ya bure, atapasha springi moto kwa gesi zijishushe zenyewe, dakika kumi tu. Kuna ubaya?

JIBU: Upo. Springi ni chuma kilichopikwa kwa kipimo kiwandani. Ukikipasha kwa gesi unauharibu upishi huo. Itashuka leo, itashuka tena mwezi ujao bila kukuuliza, na upande mmoja utashuka kuliko mwingine. Tena hiyo ni Subaru: mbele ukiishusha mno, wishiboni ya chini inaelekea juu kutoka kwenye bodi kwenda kwenye gurudumu, na gari linalala zaidi kwenye kona kuliko lilipokuwa juu. Utapata sura na kupoteza kona. Kama hutaki koilova, nunua springi fupi zilizotengenezwa hivyo kiwandani pamoja na shokapu zilizotengenezwa kwa ajili yake. Na makanika mwambie gesi aitumie kwenye ekzosi.

SWALI: Mwalimu, assalamu alaykum. Mimi ni wa Mbweni, Unguja. Nina Celica yenye koilova za miaka miwili, nataka kuinyanyua kidogo kwa sababu ya mvua, ringi hazizunguki kabisa. Nimepiga nyundo na patasi, zimeanza kumeguka.

JIBU: Wa alaykumu s-salaam. Weka nyundo chini, sheikh. Ringi nyingi ni za aluminiamu na mwili wa shokapu ni chuma; ukitia maji ya chumvi kati yao zinaumana kama zimechomelewa. Shusha shokapu yote mezani. Sugua nyuzi kwa brashi ya waya, maji matamu na sabuni, kausha, kisha penyeza mafuta ya kulegeza kutu usiku kucha, si dakika tano. Legeza kwanza ringi ya kufungia, halafu ya kubebea, kwa spana yake ya ndoano. Ikisogea robo mzunguko, rudi nyuma kidogo, ongeza mafuta, songa tena. Zikitoka, zilizomeguka zibadilishe, nyuzi zipake grisi kidogo tu, nyingi itashika mchanga wa Mbweni. Kuanzia hapo, kila ukibadili oili, zungusha kila ringi mzunguko mmoja kwenda na mmoja kurudi. Hesabu kwa sauti, usije ukaacha upande mmoja juu.