Mikwaruzo midogo na michubuko kwenye rangi ya gari: angalia kwanza ni kitu gani kabla hujashika dawa

Mkuu umeuliza kama ile alama nyeupe kwenye kona ya bampa na ile mikwaruzo ya mlangoni vinaweza kutoka ukiwa nyumbani bila kwenda kwa fundi rangi, na kama ni kweli dawa ya meno inatosha. Alama nyingi za aina hiyo zinatoka, mimi gari yangu na za ndugu nazishughulikia mwenyewe kwa mkono tu, ila lazima ujue kwanza unachokiona ni nini, maana wengi wanaoharibu rangi hawaharibu kwa kukosa dawa nzuri, wanaharibu kwa kukwangua mahali ambapo hapakuhitaji kukwanguliwa kabisa.

Rangi ya magari mengi ya siku hizi ni matabaka. Chini kuna bati, au plastiki kama ni bampa, inakuja praima, ile rangi ya msingi inayotangulia, inakuja rangi yenyewe, alafu juu kabisa kuna tabaka lisilo na rangi ambalo mafundi wanaliita klia. Mng'ao wote unaouona ni wa klia, na mikwaruzo mingi midogo inaishia humo humo haifiki kwenye rangi. Sasa hiyo klia ya kiwandani unene wake ni kama mikroni 40 hadi 50 hivi, yaani ni nyembamba kuliko unywele wa kichwani, na ukiipunguza hairudi. Hapo ndipo watu hawaelewi, wanadhani kupolishi ni kujaza mkwaruzo, wakati kupolishi ni kuishusha klia ya pembeni mpaka ikaribiane na kina cha mkwaruzo, au angalau kingo za mkwaruzo zilainike zisishike mwanga. Kila ukipolishi unatumia akiba, kwahiyo anza na kitu laini kuliko vyote na uishie pale kinapotosha.

Kujua kina ni rahisi. Osha hapo vizuri, pakauke, alafu mwagia maji kidogo juu ya mkwaruzo uangalie. Ukipotea ukiwa umelowa na kurudi maji yakikauka, uko kwenye klia na una matumaini makubwa. Kama hata ukilowa bado unauona mweupe au wa kijivu, ujue umefika kwenye praima au plastiki, na hapo hakuna polishi itakayouondoa. Pia pitisha kucha taratibu kukatisha mkwaruzo, kucha ikiteleza bila kunasa sawa, ikinasa waziwazi ujue ni wa kina, unaweza kuufifisha ila usitegemee uishe wote.

Tuje kwenye bampa yako. Alama nyeupe kwenye kona, hasa kama uligusana na ukuta au gari nyingine, mara nyingi wala sio mkwaruzo, ni rangi ya kile kitu ulichogusana nacho imebaki juu ya rangi yako. Ukipapasa utasikia imenyanyuka kidogo, haijachimba. Hiyo unaitoa, huikwangui. Osha kwa shampuu ya gari, alafu chukua kitambaa cha mikrofaiba weka WD-40, yale mafuta ya kupuliza ya kulainishia vyuma, au dawa ya kutoa lami, kilaze juu ya alama dakika moja mbili ilainike, ndio usugue bila kukandamiza, ukigeuza upande wa kitambaa kila unapoona kimeshika rangi. Nimeona bampa ambayo mwenyewe alishaambiwa ipigwe rangi upya, alama zikatoka karibu zote kwa njia hii, vikabaki vimistari vichache ambavyo kompaundi, yaani dawa ya kusugua iliyo kali kuliko polishi, ilimalizia. Thina na petroli achana navyo kabisa, bampa nyingi zimeshapigwa rangi upya bila hata mwenye gari kujua, na rangi ya namna hiyo ikikutana na thina inaweza kulainika ikabaki na baka.

Mlangoni sasa. Kwanza kuosha, na hapa sibanii maneno maana ndio chanzo cha mikwaruzo mingi tunayolalamikia: vumbi likiwa juu ya rangi ukilipangusa kwa kitambaa kikavu, unalisugulia kwenye klia. Tumia ndoo mbili, moja ya shampuu moja ya kusuuzia dodoki, osha kuanzia juu kushuka chini, suuza kwa maji mengi. Gari liwe kivulini na bodi liwe limepoa, kwenye jua dawa inakauka kabla haijafanya kazi na inakuachia ukungu. Zungushia teipu ya karatasi sehemu za plastiki nyeusi na raba za milango, kompaundi ikikaukia huko inaacha weupe unaosumbua kutoa.

Alafu anza na polishi laini, sio kompaundi. Weka tone dogo kwenye sponji ya kupakia, fanya eneo dogo la kama sentimita 30 kwa 30, sugua kwa mistari iliyonyooka, mara kwenda na kurudi, mara juu na chini, ukandamizaji wa wastani. Watu wanapenda kuzungusha mviringo ila kwa mkono mviringo unaacha alama zinazoonekana kila upande mwanga unapotokea. Ikishafifia futa kwa mikrofaiba safi, alafu pangusa kwa spiriti iliyochanganywa na maji, hii usiiruke, kwa sababu polishi nyingi zina mafuta yanayojaza mkwaruzo kwa muda, unafurahi leo, ukiosha gari unaukuta pale pale. Baada ya hapo mulika kwa tochi ya simu kwa pembeni. Ukiona umepungua ila bado upo, rudia. Ukiona haujaguswa kabisa ndio upande kwenye kompaundi, fanya hivyo hivyo, alafu umalizie na polishi ile laini kurudisha mng'ao maana kompaundi inaacha ukungu wake.

Kitambaa kikidondoka chini usikirudishe kwenye rangi hata kama unakiona kisafi, chembe moja ya mchanga itakuongezea kazi. Na angalia kitambaa wakati unasugua. Kikianza kuchukua rangi ya gari, simama. Au gari yako ina rangi ya tabaka moja isiyo na klia, ambayo kuchukua rangi kidogo ni kawaida yake, au klia imeisha na sasa unakula rangi yenyewe. Kwenye kingo za milango na mikunjo ya bodi klia ndio nyembamba zaidi na mkandamizo wote unaishia hapo, kwahiyo pita kwa wepesi sana au paache. Kama gari ni rangi isiyong'aa, ile ya mati, usipolishi kabisa, utatengeneza baka linalong'aa na halirudi tena.

Kuna sehemu moja naipenda sana kwa mtu anayeanza, ile bakuli nyuma ya kitasa cha mlango. Imejaa mikwaruzo ya kucha na pete, myembamba na imepishana pishana, na karibu yote iko kwenye klia. Viringisha mikrofaiba kwenye kidole, polishi tone, sugua ndani ya bakuli. Utajifunza mkandamizo unaotakiwa, na hata usipopatia hakuna anayepaangalia.

Dawa ya meno ina chembe za kusugua ndio maana wengine wanaona imefanya kazi, ila chembe zake zilipangwa kwa ajili ya meno, moja ni laini nyingine ni kali, na hujui uliyoishika iko wapi. Mara nyingi unabadilisha mkwaruzo mmoja kwa ukungu wa eneo zima. Polishi ya gari kichupa kidogo kinakaa muda mrefu, sioni sababu ya kubahatisha.

Msasa wa maji upo, namba 2000 alafu 3000, umelowekwa na maji yenye sabuni kidogo. Unafanya kazi kweli kwenye mkwaruzo ambao kompaundi imeshindwa. Ila kwa mtu anayefanya kwa mara ya kwanza namkataza, kwa sababu msasa unakula klia haraka kuliko macho yanavyoona, na huna kipimo cha kukuambia imebaki kiasi gani.

Kwa mkwaruzo uliofika kwenye bati, usiuache wazi muda mrefu, kutu itaanzia hapo na kutembea chini ya rangi. Tafuta namba ya rangi ya gari lako, magari mengi yana stika kwenye nguzo ya mlango wa dereva au chini ya boneti, upate rangi ya kugusia, ile ya kuzibia mkwaruzo tu, ya namba hiyo. Kama bati linaonekana anza na praima, alafu rangi, alafu klia, vyote kwa ncha ya kijiti cha meno ndani ya mfereji tu, tabaka jembamba jembamba, kila moja likauke. Utauona ukisogea karibu, ila bati liko salama. Bampa ya plastiki haipati kutu kwahiyo hiyo haina haraka.

Mwisho kabisa ndio waksi, juu ya rangi iliyokwisha kupolishiwa, inalinda na inaongeza mng'ao. Rangi iliyopigwa karibuni ipe muda kwanza, muulize aliyeipiga isubiri wiki ngapi kabla ya waksi.

Hiyo mikwaruzo ya mlangoni ipige picha ikiwa mikavu na ikiwa imelowa, mwanga utoke pembeni, uziweke hapa. Kutoka kwenye picha hizo mbili tutaona kama ni ya polishi au ya rangi ya kugusia.